Salamu Kabla ya Tetemeko

Ukitoka Ukunda ukashika njia ya Msambweni, utapita msikiti mmoja wa rangi ya kijani uliochomoza pembe nne za spika, na ng'ambo ya barabara, sawasawa na mlango wake, utaona kigogo cha mnazi kilicholazwa juu ya matofali. Hicho ndicho Kijiwe cha Hatuondoki. Jina walijipa wenyewe, na walikuwa wakilijivunia sana, mpaka Jumanne ardhi ilipotikisika wakaondoka wote mbio, na mmoja wao akaacha kiatu. Leo ni Alhamisi, wamerudi, na kiatu kimepatikana. Yule aliyekaa ncha ya kigogo, kikombe kimempoa mkononi, ni Chirau, mwadhini wa msikiti huo, ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu ndiye anayetangaza kila kitu: misiba, watoto waliopotea, siku ya chanjo, hata maji ya mfereji yakirudi. Baada ya sala ya Alasiri kamati ya msikiti itakaa kuamua kama anyang'anywe maikrofoni ya matangazo. Na Chirau bila maikrofoni, jamani, atakuwa Chirau gani?

— Kunywa, Redio, alisema Mwinga, mwenye dele la kahawa na sinia la kaimati. Hiyo ikishapoa ni dawa, si kahawa.

— Haipiti.

— Itapita. Hata mwenye msiba hunywa.

— Usimtajie msiba huyu, alidakia Garama. Msiba ndio uliomponza.

Garama ni mtu wa Samburu, Samburu ya kwetu ya Kinango, ile ya malori. Hushuka pwani na mbuzi wake kuwauza, na wakishakwisha hukaa kijiweni wiki nzima akisema anaondoka kesho. Alicheka peke yake. Chirau alimtazama, akatazama kando.

Maana mambo yalikwenda hivi. Jumanne, watu wameshasali Adhuhuri wamekwenda zao kula, Chirau yuko msikitini anakunja mikeka, mara simu ikampigia mfukoni ukelele ambao hajapata kuusikia tangu kuzaliwa. Ni kamati yenyewe iliyotaka awekewe onyo lile, ili siku ya siku awaambie watu. Akaitoa, akasoma: tetemeko linakuja, jikinge. Hakuzubaa hata kidogo. Alikwenda mbio kwenye maikrofoni, akaiwasha, akaipiga kidole mara mbili kuona kama inafanya kazi, akakohoa. Kisha akafanya kama alivyofunzwa na kila aliyemlea. Akatoa salamu kamili. Akamhimidi Mola, akamsalia Mtume. Akawaamkia wazee, akawasalimu kina mama, akafika kwa vijana. Hapo kwa vijana ndipo ardhi ilipotikisika, taa za dari zikacheza, na ikatulia. Aliposema "tunawatangazieni kwamba kuna tetemeko, tokeni nje", tetemeko lilikuwa limeshapita zamani.

Hayo pekee yangesameheka. Lakini huku kwetu spika ikilia wakati usio wa sala, ikaanza na salamu ndefu, mtu hujua kuna aliyefariki. Basi mtaa mzima ulifanya adabu ya msiba. Redio zikazimwa. Waliokuwa nje wakaingia ndani, wakakaa, wakainamisha vichwa kusikiliza ni nani. Ardhi ikawatikisa wakiwa wamekaa hivyo hivyo, wanangoja jina la marehemu. Waliposikia "tokeni", wakatoka wote kwa pamoja, na Bi Sidi, mjane wa watu, akajikwaa kizingitini akilikimbia jambo lililokwisha kwisha. Mkono wake sasa umetiwa plasta.

— Mimi nilidhani ni Mzee Mwaguni, alisema Mwinga. Wallahi nilishaanza kumlilia.

— Mwenyekiti wa kamati mwenyewe? Umlilie akiwa hai?

— Salamu ilikuwa ndefu, bwana. Nikasema huyu si mtu mdogo.

Wote wakacheka, na Chirau akacheka kidogo kwa kuwa hakuwa na pa kuuficha uso. Haya ilikuwa imemjaa mpaka masikioni. Jana alikwenda na maembe kumtazama Bi Sidi, Bi Sidi akampokea vizuri, akamwombea dua, na hilo likamuumiza kuliko kama angemtukana.

— Sasa buda, alisema Maxwell, tuongee ukweli. Teknolojia ilifanya kazi yake.

Maxwell alikuja kutoka bara kufanya kazi hotelini Diani, mapokezi, na mchana akiwa hana zamu hutengeneza simu za watu pale pale kijiweni. Wanamwita Bando, kwa sababu bila bando la intaneti hawezi kuhema. Yeye ndiye aliyemwekea Chirau lile onyo.

— Ilifanya kazi gani? aliuliza Garama. Kumvunja Bi Sidi mkono?

— Sikiza, mzee wangu. Tetemeko likianza kule chini, linatuma mawimbi mawili. La kwanza ni jepesi, lina mbio, halina madhara. La pili ndilo zito. Sasa vyombo na simu za watu walioko karibu na kule linakoanzia, zikishikwa na lile jepesi, zinapiga ripoti. Na ripoti inapitia hewani, mbio kushinda ardhi. Ndiyo wewe huku unaambiwa kabla lile zito halijakufikia.

— Kabla kwa muda gani?

— Sekunde.

— Sekunde ngapi?

— Inategemea uko mbali kiasi gani. Ukiwa mbali unazo kadhaa. Ukiwa juu yake kabisa, manze, hapo huna kitu. Unatikiswa kwanza ndiyo unaambiwa.

— Alaa! Yaani aliye karibu, anayehitaji kuambiwa, haambiwi? Na aliye mbali ndiye anapigiwa kelele?

— Wa katikati ndio wanafaidi.

— Basi tuombe tuwe wa katikati, alisema Mwinga, akawamiminia wote, na ya Chirau akaimwaga akamtilia nyingine.

Hapo ndipo Rai aliposafisha koo. Rai ni fundi wa kujenga, wanamwita Injinia, na ana vyumba vya kupangisha nyuma ya kijiwe alivyovijenga kwa mkono wake mwenyewe. Tangu Jumanne alikuwa mkali kidogo, kwa kuwa vyumba hivyo vilipata nyufa, naye hataki kusikia neno nyufa.

— Mimi nitawauliza jambo moja, alisema. Nimezaliwa hapa. Baba yangu kazaliwa hapa. Mliwahi kuona ardhi ya hapa ikicheza kabla ya simu hizi?

— Ilicheza mwaka ule, alisema Mwinga. Watu wa Tiwi walihisi.

— Mwaka ule simu hazikuwapo?

— Zilikuwapo.

— Basi! Jumanne kimetangulia nini? Simu kulia au ardhi kutikisika?

— Simu kulia, alisema Garama.

— Haya. Kitu kikitangulia, kingine kikafuata, mwenye kosa ni nani?

Maxwell alishika kichwa.

— Injinia, unasema simu ndiyo ilileta tetemeko?

— Wewe Bando, simu ikilia hivyo inatetemeka au haitetemeki?

— Inatetemeka. Ni ile vaibresheni.

— Na zililia simu moja?

— Zote zilizowekewa onyo. Mpaka Mombasa huko.

— Ewaa! Simu zote za pwani, kuanzia Jego mpaka Lamu, zinatetemeka kwa wakati mmoja, juu ya meza, juu ya vitanda, mifukoni mwa watu wanene. Mtikisiko wote ule uende wapi? Unashuka chini. Halafu mnakuja kunionyesha chokaa imepasuka mnasema Rai hakutia simiti!

Si kila siku mtu husikia jambo kama hilo. Hata Chirau alisahau huzuni yake akajikuta anapiga hesabu ya simu zilizomo nyumbani mwake.

— Sasa mimi niwape dawa, alisema Garama. Nyinyi mnahangaika na simu, mbuzi mnawaona hivi hivi. Jumanne mimi nilikuwa kule nyuma na mbuzi wangu waliobaki. Kabla ya simu ya mtu yeyote kulia, walisimama wote, wakageuka upande mmoja, kimya. Yule beberu mwenye pembe iliyokatika akapiga kwato, mara moja. Nikasema kuna jambo.

— Ukafanya nini?

— Nikakimbia.

— Wewe uliacha kiatu hapa hapa kijiweni, Garama. Hukuwa kwa mbuzi.

— Nilikuwa njiani kutoka kwa mbuzi. Nasema hivi: serikali ya kaunti igawe mbuzi mmoja kila nyumba. Msikiti mmoja, kanisa mmoja, shule wawili. Hataki bando, hataki stima. Akisimama kimya, tokeni.

— Na akilia kwa njaa?

— Akilia si onyo. Onyo ni akinyamaza.

— Kwa hiyo mtu akeshe anamsikiliza mbuzi asiyelia?

— Akeshe nani? Zamu. Baba, mama, watoto.

— Na mwezi wa hitima na harusi, alisema Mwinga, mbuzi wote wakishaliwa?

Garama alifikiri.

— Hapo, alisema, mtakuwa mmejitakia.

Kicheko hicho kiliwafanya watu wa upande wa pili wa barabara wageuke. Lakini Garama hakuwa amemaliza. Mtu wa Samburu akishapata kasi, humzuii.

— Na mnisikilize tena. Kule kwetu treni ikipita, kuta zinatetemeka, maji mtungini yanacheza. Huyo mwenye simu, aliyekaa huko Ulaya, atajuaje lile ni tetemeko au ni treni ya mizigo? Si atatupigia kelele kila siku? Na akitupigia kila siku, siku yenyewe ikifika, nani atatoka?

— Hapo umesema neno, alikiri Maxwell. Hiyo ndiyo shida yake kubwa. Onyo la uongo mara mbili tatu, watu wanazima. Hata sasa kuna msee kazini ashazima. Anasema ilimtoa bafuni mbele ya wageni.

— Alitoka vipi?

— Alitoka alivyokuwa.

— Lahaula!

— Na meneja anamuuliza kwa nini hakuvaa taulo, naye anasema, sekunde, bosi, nilikuwa na sekunde.

Chirau hakucheka safari hii. Aliutazama msikiti. Mlangoni walishaanza kuonekana viatu vya watu wa kamati waliowahi, na kile kiti cha Mzee Mwaguni kilikuwa kimeshatolewa barazani. Walikuwa wanasema kijana wa mmoja wao atawaletea king'ora kutoka Mombasa, kinachojiwasha chenyewe, hakikohoi, hakimsalimu mtu. Adhana wangemwachia, hilo hakuna aliyeligusa. Lakini matangazo yote wangempa kijana huyo. Chirau alikuwa ameyatangaza majina ya nusu ya watu waliolala makaburini pale, na kila jina alilitamka polepole ili aliyeko shamba alisikie. Angewezaje kuyaacha?

— Niambieni jamani, alisema. Nitawaambia nini?

Hapo kijiwe kikageuka kuwa shule ya matangazo.

— Fupisha, alisema Rai. Salamu moja, tetemeko, basi.

— Hata hiyo moja ni ndefu, alisema Maxwell. Sekunde haikungojei umalize. Sema tu, tokeni!

— Hivi hivi? Chirau alishtuka. Nimfokee Mzee Mwaguni kwenye spika bila kumwamkia? Nimwambie toka, kama kuku? Mama yangu angekuwa hai angenipiga kofi.

— Na ukisema "tokeni" bila salamu, alisema Mwinga, watu watajua ni wezi. Watatoka na mapanga.

— Ukiwasalimu, wanakaa. Usipowasalimu, wanatoka na mapanga. Sasa?

— Filimbi, alisema Rai.

— Watoto watadhani mpira umeanza.

— Debe. Apige debe.

— Hiyo watajua kuna kupatwa kwa mwezi.

— Basi sema salamu baadaye! alisema Garama. Kwanza tokeni, wakishatoka wote wamesimama nje, hapo sasa uwaamkie mmoja mmoja.

— Mtu umeshamtoa ndani ndiyo umwamkie?

— Bora umwamkie akiwa mzima.

Chirau alilitafuna neno hilo. Halikuwa baya. Aliona anaweza kusimama mbele ya kamati akalisema, na akaanza kulipanga kichwani kwa heshima zake zote, mpaka alipogundua kwamba hotuba yake ya kueleza jinsi atakavyofupisha imekwisha kuwa ndefu.

Mara akatokea mwanamke upande wa vyumba vya Rai. Alikuwa amevaa sare ya hoteli, ile ya watu wa kufua nguo za vitanda, na mtoto amembeba kiunoni. Si mtu wa kijiwe. Alisimama mbali kidogo, kama anayeogopa kuingilia mambo ya wanaume.

— Habari zenu, wazee.

— Nzuri, mama. Karibu.

— Asante. Mimi ni Jacinter. Niko pale kwa Injinia, chumba cha mwisho. Nilihamia mwezi huu.

— Mpangaji wangu huyo, alisema Rai haraka. Mambo ya chumba tutaongea nyumbani, mama, si hapa.

— Si mambo ya chumba. Namtafuta mzee wa spika.

Macho yote yakashuka kwenye vikombe. Hakuna aliyenyoosha kidole, na kwa hivyo akajulikana mara moja kuwa ni yule mmoja aliyebaki ameinua kichwa.

— Ni mimi, mwanangu, alisema Chirau. Aliona limekuja lingine. Kama ni kuhusu Jumanne, nisamehe. Nilichelewa kuwaambia.

— Hapana, hukuchelewa. Mimi nilikushukuru. Nilikuwa nimelala, nilitoka zamu ya usiku. Nilisikia umesema tetemeko, tokeni nje. Nikachukua watoto, nikatoka mbio mpaka uwanja wa shule.

— Umeona? alisema Maxwell. Kuna mmoja limemsaidia!

— Nikakaa huko. Nikawa nangojea.

— Unangojea nini?

— Utangaze tena. Nilifikiri mtu akisema tokeni, atasema rudini.

Mwinga aliweka dele chini.

— Mvua ikatunyeshea, aliendelea Jacinter. Huyu mdogo akaanza kukohoa. Zamu yangu nikaikosa, msimamizi akanionya, akasema nikikosa tena nisirudi. Nikaona watu wanapita, wanapika, nikajua wenyeji wana vile wanajua. Lakini mimi siwajui watu hapa, na ukuta wa chumba una ufa unaingia kidole. Kwa hiyo tangu Jumanne tunalala verandani. Nikienda kazini nawaacha pale na mama wa chumba cha pili, nawaambia msiingie. Na leo lazima niende. Ndiyo nikaja kuuliza.

Akampandisha mtoto vizuri kiunoni.

— Nyinyi mlirudi ndani. Mlijuaje kwamba limeisha?

Kijiwe cha Hatuondoki hakijapata kukosa jibu. Kina majibu ya mambo ambayo hayajaulizwa. Garama ndiye aliyeanza, kwa kuwa yeye hawezi kukaa kimya.

— Mimi nilimwona Injinia anarudi, alisema. Nikasema fundi wa nyumba akirudi ndani, basi.

— Mimi? alisema Rai. Mimi nilimwona Bando ameingia kuchukua chaja. Nikasema kijana wa simu anajua.

— Simu haikuniambia kitu, alisema Maxwell, na Sheng yote ilikuwa imemtoka. Ilisema linakuja. Haikusema limekwenda. Mimi niliona Mzee Mwinga amewasha mkaa, nikaingia.

Wakamtazama Mwinga.

— Mimi niliwasha, alisema Mwinga polepole, kwa sababu Garama aliniomba kahawa.

Mtoto wa Jacinter alikohoa mara mbili na kulaza kichwa kwenye bega la mama yake.

Chirau alikuwa ameshainuka. Siku mbili nzima alikuwa akijilaumu kwa salamu zake, akizipima, akizipunguza, na hakuna hata saa moja aliyokumbuka kwamba alizima maikrofoni, akakunja mikeka iliyobaki, akaenda kwake kula. Alikuwa amewatoa watu ndani kisha akawaacha huko.

— Kaa hapa kidogo, mwanangu, alisema. Mwinga, mpe kaimati mtoto.

Akavuka barabara bila hata kutazama magari. Wakamwona akipita barazani, akimpita mtu mmoja wa kamati aliyemnyooshea mkono, akavua viatu, akaingia. Pembe nne za spika zikakoroma.

Aliyekuwa anatwanga aliacha kutwanga. Garama alishika viatu vyake viwili mkononi, kwa uangalifu.

Sauti ya Chirau ilitoka na salamu. Moja tu, lakini ilikuwa kamili.

— Ndugu zangu, hakuna aliyefariki, alhamdulillahi. Na hakuna tetemeko jingine ninalolijua. Nasema juu ya lile la Jumanne. Lile la Jumanne lilikwisha Jumanne. Mimi ndiye niliyewaambia tokeni, na mimi ndiye ambaye sikuwaambia rudini. Nawaombeni radhi. Aliyelaza watoto nje, awarudishe ndani. Mwenye ukuta wenye ufa asiingie kwanza, Fundi Rai atapita nyumba kwa nyumba kuutazama leo hii, ataanza na vyumba vyake mwenyewe, na hatamtoza mtu.

— Mimi? alisema Rai. Kahawa ikampalia.

— Inuka, Injinia, alisema Mwinga. Umeshatangazwa.

Huko msikitini ikasikika sauti nyingine, ya mbali na maikrofoni, nzito. Kila mtu aliijua. Ilikuwa ya Mzee Mwaguni.

— Chirau! Nani kakuruhusu?

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba. Nimekuuliza, nani kakuruhusu?

— Kuna mama mmoja, mgeni, ameuliza swali pale kijiweni.

— Swali gani la kukufanya utangaze kabla ya kikao?

— Ameuliza, tulijuaje kwamba limekwisha.

Pembe zile nne zilibaki zikivuma bure, zikiupeleka kote kote mvumo wa feni ya msikiti. Jacinter alikuwa amesimama, kaimati ya mtoto mkononi, hajui kama amefanya kosa.

— Na tulijuaje? aliuliza Mzee Mwaguni.

— Hatukujua, Mzee.

— Mimi, ikasema ile sauti nzito, na sasa ilikuwa imepungua uzito, nilimwona Mwinga anapepea jiko.

Garama alijifunika mdomo kwa kiatu. Mwinga alitazama mbingu kama mtu aliyesingiziwa.

— Mzee, alisema Chirau, maikrofoni iko wazi.

— Iko wazi?

— Iko wazi tangu uliposema Chirau.

— Astaghfirullah.

Wakasikia kiti kikisogezwa, na mtu mzima akipumua. Halafu Mzee Mwaguni akasogea karibu na maikrofoni, mtaa mzima ukamsikia vizuri.

— Haya. King'ora kije, kitutoe nje, maana wewe huwezi kumtoa mtu bila kumwamkia. Lakini ndani, Chirau, tutarudi ukisema wewe. Sasa rudia, watu wa nyuma ya shule hawakusikia.

Jacinter hakungoja arudie. Alikuwa ameshageuka kwenda kukunja godoro la verandani, na nyuma yake Rai na pima maji yake mkononi, anakwenda kuutazama ule ufa kwanza, huku ananung'unika.